Tarakilishi kuukuu za Kagio na maamuzi yanayofanywa mbali

KATIKA vibanda vya huduma za intaneti mjini Kagio, Kaunti ya Kirinyaga, tarakilishi haizeeki upesi. Mashine iliyokwisha kutupwa na ofisi fulani jijini Nairobi, au iliyowasili nchini ikiwa mtumba kutoka Ulaya, huanza hapa maisha yake ya pili, na wakati mwingine ya tatu. Mkulima aliyekwisha kuuza nyanya zake sokoni huingia kuchapisha stakabadhi. Mzazi hutafuta fomu ya mwanawe anayejiunga na chuo. Mwezi wa Juni unapokaribia ukingoni, foleni hurefuka kwa sababu ya wanaowasilisha taarifa za kodi kwa Mamlaka ya Ushuru nchini (KRA). Hakuna kati yao anayeuliza mashine ile ina umri gani, maadamu inafanya kazi.

Swali la umri huulizwa kwingine, na watu ambao hawajawahi kufika Kagio. Hao ndio watunzaji wa programu, na kila baada ya muda hulazimika kuamua kama waendelee kuhudumia mitambo na mitindo ya zamani, au waiondoe na kusonga mbele. Uamuzi huo huandikwa kwa mistari michache tu ya msimbo, yaani yale maandishi ya amri yanayoiongoza tarakilishi. Athari yake huonekana miaka kadhaa baadaye, pale fundi anapojaribu kuweka toleo jipya katika mashine kuukuu na mashine ikalikataa.

Kwa programu za kibiashara jambo hili halina fumbo. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows XP mnamo Aprili 8, 2014, ikaifuata Windows 7 mnamo Januari 14, 2020, kisha Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo inadai chipu za usalama na vichakataji ambavyo mashine nyingi za muongo uliopita hazina. Mwenye mali ameamua, na mteja huchagua kununua mashine mpya au kubaki na mlango ulio wazi kwa wadukuzi.

Wengi waliofikwa na hali hiyo wamekimbilia programu huria: mfumo wa Linux katika sura zake kama Ubuntu na Debian, kivinjari cha Firefox, na LibreOffice kwa kazi za uandishi na hesabu. Neno “huria” hapa halina maana ya “bure” pekee. Lina maana kwamba msimbo wenyewe uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Kwa miaka mingi programu hizi zimesifiwa kuwa hospitali ya tarakilishi zilizokatiwa tamaa. Lakini hata hospitali hiyo ina wodi ambazo hufungwa.

Ni kwa nini zifungwe, iwapo hakuna anayetoza kodi? Anayeijua Mwea, iliyo jirani na Kagio, hatapata taabu kuelewa. Mfereji unaopeleka maji katika jaruba lisilolimwa tena hauwezi kusahauliwa. Usiposafishwa, huota magugu, huvuja, na maji ya jirani hupungua. Ama unautunza, ama unauziba. Kipengele cha programu kisichotumiwa na wengi kiko vivyo hivyo. Kila badiliko linalofanywa kwingine sharti lijaribiwe dhidi yake, na kazi hiyo mara nyingi iko mikononi mwa watu wachache wanaojitolea usiku baada ya ajira zao za mchana.

Gharama ya kukiacha kipengele kizee kibaki ilidhihirika Desemba 2021. Programu huria iitwayo Log4j, inayotunzwa chini ya wakfu wa Apache, huandika kumbukumbu za yale yanayotendeka ndani ya mifumo iliyoundwa kwa lugha ya Java. Hutumiwa na benki, serikali na kampuni kote duniani. Mwaka 2013 iliongezewa, kwa ombi la mtumiaji, uwezo wa kufuata anwani iliyomo ndani ya maandishi inayoyahifadhi na kuchota data kutoka huko. Wachache waliuhitaji uwezo huo, lakini ulikaa. Miaka minane baadaye ikagunduliwa kwamba mdukuzi aliweza kuandika mstari mmoja wa maneno, hata katika kisanduku cha jina la mtumiaji, nayo seva ingekwenda yenyewe kuchukua amri zake na kuzitekeleza. Dosari hiyo ilipewa alama 10 kati ya 10 za hatari.

Mmoja wa watunzaji alieleza hadharani wakati huo kwamba wao wenyewe hawakukipenda kipengele kile, ila walikiacha kwa kuchelea kuwavurugia watumiaji wa zamani. Hawakuwa wakilipwa kwa kazi hiyo. Katika muda wa siku chache, wakikesha, walikizima na kukiondoa kile ambacho kwa miaka minane walikuwa wamekistahi.

Tukio hilo huwapa nguvu wanaotaka kufyeka. Nao wana mfano mwingine ambao ni vigumu kuupinga. Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi jijini Helsinki, Finland, tarakilishi yake ilikuwa na kichakataji cha Intel aina ya 386. Linux ilizaliwa juu ya chipu hiyo. Hata hivyo, Desemba 2012, mtaalamu Ingo Molnar alipendekeza kichakataji hicho kiachwe kwa sababu kila marekebisho ya sehemu nyeti za mfumo yaliongezewa kazi na upungufu wake. Torvalds alikubali bila kusita, akisema yeye si mtu wa kung’ang’ania mambo ya kale. Toleo la 3.8 lililotoka Februari 2013 halikuitambua tena mashine iliyolizaa.

Ikumbukwe kuwa Torvalds ndiye mlinzi mkali wa kanuni isemayo kwamba toleo jipya la Linux halipaswi kuiharibu programu iliyokuwa ikifanya kazi jana. Kwake hapakuwa na mgongano. Kanuni ile huwalinda watu walio na jambo la kupoteza, na kufikia mwaka 2012 ilikuwa kazi kumpata mtu aliyekuwa akitegemea chipu ya 386 kwa riziki yake. Hata mitumba ya Kagio ilikuwa imekwisha kuipita.

Shida huanza pale ambapo wangali wapo, lakini hawaonekani.

Chukua suala la mashine za biti 32, zile za enzi ya Pentium 4. Mashine za aina hii ziliingia kwa wingi katika shule za Kenya, baadhi zikiwa zimekarabatiwa na mashirika kama Computer for Schools Kenya, lililoanza kazi hiyo mwaka 2002. Mwaka 2017, kampuni ya Canonical inayosimamia Ubuntu iliacha kutoa diski za kuweka mfumo wake mkuu wa mezani katika mashine hizo, kuanzia toleo la 17.10. Wapo walionung’unika, lakini uamuzi ulipita.

Miaka miwili baadaye, Juni 2019, kampuni hiyo hiyo ilitangaza kwamba ingeondoa pia vifurushi vya biti 32 vilivyobaki, ambavyo vilitumiwa kuendesha programu za zamani ndani ya mashine mpya. Safari hii kukazuka kishindo. Wapenzi wa michezo ya tarakilishi walipaaza sauti, na kampuni ya Valve, inayouza michezo hiyo kupitia huduma ya Steam, ikaashiria kwamba ingeacha kuipendekeza Ubuntu kwa wateja wake. Haikupita hata wiki moja kabla ya Canonical kurudi nyuma na kukubali kuvihifadhi vifurushi vilivyohitajika.

Tofauti ya matukio hayo mawili inafaa kutazamwa kwa makini. Lile la 2017 lilimgusa mwenye mashine kuukuu asiye na uwezo wa kununua nyingine. Lile la 2019 lilimgusa mwenye mashine mpya aliyetaka kucheza mchezo wa zamani. Wa pili alisikilizwa. Haikuwa hila wala dharau kwa maskini. Aliyekuwa na intaneti ya kasi, muda, na kampuni kubwa upande wake alijua mahali pa kulalamikia na lugha ya kulalamikia. Aliyekuwa Kagio alijua tu kwamba diski imekataa.

Debian, ambayo ndiyo mzazi wa Ubuntu, ilifika njia panda hiyo baadaye. Toleo lake la 13, lililotoka Agosti 9, 2025, halina tena diski ya kuliweka katika mashine za biti 32. Vifurushi vya biti 32 vimebaki, ila ni kwa ajili ya kuendesha programu za zamani juu ya mashine za biti 64. Ushauri uliotolewa kwa wenye mashine zenyewe ulikuwa wabaki na toleo la awali, wahamie biti 64 inapowezekana, au wazistaafishe.

Watunzaji wa Debian ni wa kujitolea na hufanya mambo yao hadharani, kwa hiyo mtu anaweza kufuatilia jinsi wanavyopima matumizi. Wana kifaa kidogo kiitwacho popcon, ambacho kila wiki hutuma taarifa ya vifurushi vilivyomo na aina ya mashine. Hakitumi chochote bila idhini ya mwenye mashine, na hilo ni la kusifiwa. Lakini ili taarifa ifike ni lazima intaneti iwepo. Tarakilishi 20 za shule isiyo na intaneti, zinazotumiwa na wanafunzi kwa zamu mchana kutwa, huhesabiwa sifuri. Kimya chake husomwa kana kwamba hazipo.

Ni haki pia kuutazama upande wa pili. Mashine ya Pentium 4 hula umeme mwingi, na bei ya umeme nchini si siri kwa mwenye kibanda. Haiwezi kutumia vyema zaidi ya gigabaiti nne za kumbukumbu, na kurasa za siku hizi, pamoja na zile za serikali, huifanya itweta kama punda aliyebebeshwa kupita kiasi. Kuihudumia milele si rehema. Jambo la kuuliza ni mtumiaji alipewa muda gani wa kujiandaa, na kama alijulishwa kwa njia inayomfikia.

Katika hilo, Firefox ilionyesha ustahimilivu. Microsoft iliitupa Windows XP mwaka 2014, lakini Mozilla, wakfu unaoitunza Firefox, iliendelea kuwahudumia watumiaji wake hadi mwaka 2018, ikiwaweka katika toleo la 52 lililopewa viraka vya usalama pekee. Ilifanya vivyo hivyo kwa Windows 7: toleo la 115 la Julai 2023 ndilo lililotengwa kwa ajili yao, na tarehe ya mwisho ikasogezwa mbele zaidi ya mara moja kwa kuwa wenye mashine hizo walikuwa bado wengi. Vibanda vingi vya intaneti vilipata miaka kadhaa ya ziada bila kujua vinamshukuru nani.

Kuna fungu jingine ambapo kufyeka huumiza kwa namna tofauti kabisa, nalo ni mafaili. Mashine ikifa hununuliwa nyingine. Barua, mkataba wa shamba au kumbukumbu za chama cha ushirika zilizoandikwa kwa mtindo usiosomeka tena haziwezi kununuliwa.

LibreOffice ilijitenga na OpenOffice mwaka 2010, nayo OpenOffice ilitokana na StarOffice, programu iliyoanzia Ujerumani. Watunzaji walirithi mlima wa msimbo, ukiwa na maelezo ya Kijerumani ambayo wengi wao hawakuyaelewa. Sehemu moja kubwa ya mlima huo ilikuwa na kazi ya kusoma mafaili ya kale ya StarOffice tu. Katika toleo la 4.0 la Februari 2013 waliing’oa. Programu ikawa nyepesi, na wachache waliokuwa na mafaili hayo wakaachwa nje. Miaka michache baadaye uwezo huo ulirejea kwa mlango wa nyuma: maktaba ndogo, iliyoandikwa upya kwa kazi hiyo pekee, iitwayo libstaroffice. Walichokitupa ni namna mbovu ya kuifanya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa bado inahitajika, na ilipopatikana namna nafuu ilirudishwa.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi yenye menyu na maelekezo ya Kiswahili. Wakati huo OpenOffice ilihifadhi maandishi kwa mtindo wa sxw, ambao umekwisha kuachwa kwa miaka mingi. LibreOffice ya leo ingali inaufungua. Barua iliyoandikwa Dar es Salaam kwa Jambo OpenOffice inaweza kusomwa Kagio leo, kwa sababu kuna mtu aliyeamua kuuacha mfereji ule mdogo uendelee kupitisha maji.

Je, kuna njia ya tatu kati ya kuhifadhi na kufyeka? Mfano ulio bora zaidi unapatikana hapa hapa Kenya.

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Kaunti ya Nandi ya sasa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianzisha mfumo wa tarakilishi wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa. Uzoefu huo ulichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria ya rekodi za matibabu, ambayo mwaka 2006 ilianza kutumiwa mjini Eldoret katika mpango wa AMPATH wa kuwahudumia wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kutoka hapo ilienea hadi Rwanda, Uganda, Afrika Kusini na kwingineko. KenyaEMR, inayotumiwa na mamia ya vituo vya afya nchini, imejengwa juu yake.

Mfumo wa namna hii hauna anasa ya kukosea. Fomu ikikataa kufunguka, muuguzi hajui mgonjwa aliye mbele yake alipewa dawa gani mwezi uliopita. Watunzaji wa OpenMRS walilijua hilo tangu mwanzo, kwani fomu zao za awali zilitengenezwa kwa InfoPath, programu ya Microsoft iliyofanya kazi ndani ya Windows tu. Walibuni njia nyingine za kujaza fomu na kuwahamisha watu polepole. Mwaka 2014 Microsoft ilipotangaza kwamba haitatoa toleo jingine la InfoPath, OpenMRS ilikuwa tayari na njia mbadala.

Kisha likaja suala la sura ya zamani ya mfumo wenyewe, yaani kurasa ambazo makarani wa vituo walikuwa wamezizoea hata wakaweza kuzijaza huku wakizungumza na mgonjwa. Ilikuwa imepitwa na wakati, na kuiacha ndani ya kiini cha programu kulikwamisha kila badiliko. Kuifuta kungewafungia kazi watu walioitegemea. Katika toleo la 2.0 la mwaka 2016, waliitoa katika kiini wakaifanya kiambatisho cha hiari. Kituo kinachoihitaji hukiweka. Kisichoihitaji hakibebi mzigo wake. Wanaoipenda ndio wanaobeba jukumu la kuitunza, na siku watakapotoweka kiambatisho kitanyauka chenyewe bila ya mtu kuamrishwa aking’oe.

Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao. OpenMRS haikuuacha mbachao wala kuukatalia msala nafasi. Iliuhamishia mbachao chumba cha pili. Si ajabu kwamba hekima hiyo ilitoka huko. Baadhi ya walioamua walikuwa wameketi Eldoret, wakiwaona makarani wakiandika. Hawakuhitaji kifaa cha kuwahesabu.

Njia hiyo si tiba ya kila kitu. Dosari ya Log4j isingefaa kuwekwa katika chumba cha pili huku mlango wake ukiwa wazi. Kichakataji nacho hakigeuzwi kiambatisho, kwa kuwa mfumo mzima husimama juu yake. Lakini kwa sura za zamani, mitindo ya mafaili na tabia za kazi, ambavyo ndivyo watu wa kawaida hukumbana navyo zaidi, imekwisha kuthibitika kuwa inawezekana.

Kwa fundi wa Kagio aliye na mashine kuukuu mezani, lipo jambo la kulitazama kabla ya kukata tamaa. Tarakilishi nyingi zinazodhaniwa kuwa za biti 32 si za aina hiyo. Ziliwekewa tu Windows ya biti 32 na muuzaji. Zenye kichakataji cha Core 2 Duo, kilichoanza kuuzwa mwaka 2006, hupokea mfumo wa biti 64 bila shida, na hivyo zinaweza kupata Debian 13. Zile ambazo kwa kweli ni za biti 32 zimebaki na Debian 12 ya mwaka 2023, ambayo ratiba yake ya huduma za muda mrefu inafika Juni 2028.

Anapoiweka Debian, karibu na mwisho wa shughuli hiyo, skrini humuuliza kama angependa kushiriki katika uchunguzi wa matumizi ya vifurushi. Hapo ndipo mashine yake huingia, au hukosa kuingia, katika hesabu zinazosomwa na watunzaji. Jibu lililokwisha kuwekwa tayari ni “hapana”, na fundi mwenye foleni ya wateja mlangoni hubofya kitufe cha kuendelea.